Saa 1,000 za Fildi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Tiba kwa Vitendo

Mtoa tiba kwa vitendo hatibu mkono uliolegea peke yake. Anatafuta namna ya kumrudisha mwenye mkono huo kwenye shughuli zake: kusonga ugali, kufunga vifungo vya shati, kushika kalamu, kuendesha bodaboda, kumbeba mtoto. Kazi ya namna hiyo haifundishwi ikakamilika darasani. Ndiyo maana Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo, WFOT, lililoundwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi atimize si chini ya saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, yaani fildi, kabla ya kuhitimu. Kwa saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 25 kamili. Kituo kikikupa saa sita tu kwa siku, unakaribia wiki 34. Fanya hesabu hiyo mwaka wa kwanza, usingoje mwaka wa mwisho.

Saa hizo hazipaswi kumalizikia sehemu moja. WFOT inataka mwanafunzi akutane na watu wa rika na jinsia tofauti, walioumia karibuni na wanaoishi na ulemavu kwa miaka mingi, na afanye kazi inayomgusa mtu mwenyewe, shughuli zake na mazingira anamoishi. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanamaliza wakiwa wameshiba wodi na kliniki lakini nyumbani kwa mgonjwa wamefika mara chache mno. Makala haya yanawalenga zaidi wanaosoma Tanzania, ingawa mengi yatamfaa pia aliyeko Nairobi au Kampala.

Kituo gani kinafundisha nini

Chuo ndicho kinachopanga, ila mara nyingi mratibu wa mafunzo huuliza mwanafunzi anapendelea wapi, na wengi hujibu kwa kutaja hospitali yenye jina kubwa. Hilo si jibu baya, mradi ujue unakwenda kujifunza nini. Anayesoma KCMC, Moshi, ana wodi za mifupa, upasuaji na watoto mlangoni pake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili inapokea majeruhi wa ajali za barabarani na walioumia uti wa mgongo, kwa hiyo utajifunza mambo ya vidonda vya mgandamizo, viti mwendo na mikono iliyokatika mishipa. CCBRT, Dar es Salaam, ni mahali pa kuwajua watoto wenye nyayo zilizopinda, mtindio wa ubongo na mgongo wazi. Kwa afya ya akili ipo Mirembe, Dodoma, na ipo Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ambako kazi za mikono na za shambani zimekuwa sehemu ya matibabu kwa muda mrefu. Kenya wana Mathari kwa afya ya akili, na tangu mwaka 1984 wana vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu, vinavyofaa sana kwa anayetaka kufanya kazi na shule.

Kabla hujakubali kituo, uliza mambo matatu: nani atanisimamia, ana wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na nitaruhusiwa kuwa na wagonjwa wangu mwenyewe au nitasimama nyuma kutazama? Hospitali kubwa yenye wanafunzi kumi kwa msimamizi mmoja inaweza kukufundisha kidogo kuliko hospitali ya wilaya ambako uko peke yako na mtaalamu mmoja mwenye subira.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba msimamizi lazima awe mtoa tiba kwa vitendo, lakini viwango vya WFOT havimlazimishi awepo kituoni muda wote. Hilo linafungua milango ya shule yenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, makazi ya wazee, hata gereza, ambako fani hii haijafika. Ukipata nafasi hiyo mwaka wa mwisho, ichukue. Watoa tiba kwa vitendo nchini bado ni wachache, na ajira nyingi zijazo zitatoka mahali ambapo mtu alithubutu kuonyesha kwamba wanahitajika.

Maandalizi yanayochukua miezi

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Anayeikumbuka wiki moja kabla ya kuripoti ameshachelewa. Hakikisha pia kadi ya bima ya afya ni hai, barua ya utambulisho ya chuo imefika kituoni na si kwamba ipo kwenye begi lako, na chumba umekipata kabla ya siku ya kwanza. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, uliza mapema ofisi ya mikopo ya chuo kama unastahili fedha za mafunzo kwa vitendo na zinatoka lini. Mara nyingi nauli na kodi hutangulia fedha hizo.

Vifaa si vingi: viatu vinavyofunika vidole, kucha fupi, daftari dogo la mfukoni, gonyomita ya kupimia viungo kama unayo, na tepu ya fundi cherehani. Tepu hiyo utaitumia kuliko unavyodhani.

Siku za mwanzo

Kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Mgonjwa akikuita hivyo, msahihishe kwa heshima, kwa sababu ana haki ya kujua ni nani anayemgusa. Maneno yanayotosha ni haya: "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa tiba kwa vitendo. Ninafanya kazi chini ya msimamizi wangu, yule pale. Naomba ruhusa nizungumze nawe kuhusu shughuli zako za kila siku." Kisha subiri ajibu. Akikataa, mshukuru, mwambie msimamizi, na usimnunie kesho yake.

Lugha nayo ina mambo yake. Katika wodi za Kaskazini utakutana na bibi anayezungumza Kichaga, Kipare au Kimaasai tu. Tafuta ndugu mtu mzima au muuguzi akutafsirie. Mjukuu wa miaka tisa asitumike kumuuliza bibi yake kama anajikojolea. Na mwanafunzi wa kiume anayetakiwa kumfundisha mama namna ya kuoga au kuvaa amwite mwenzake wa kike, au amwombe binti au dada wa mgonjwa awepo. Msimamizi mzuri hataona hilo kama udhaifu.

Wiki ya kwanza soma mafaili, tazama namna msimamizi anavyomhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na ujifunze kanuni chache zisizovumilia majaribio. Aliyepata kiharusi asivutwe kwa mkono uliolegea, kwa sababu bega lake halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia. Wakati wa kuvaa, mkono dhaifu unatangulia kuingia kwenye shati; wakati wa kuvua, unatoka wa mwisho. Aliyelala kitandani bila kuweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Banzi jipya livuliwe baada ya dakika 20 hadi 30 utazame ngozi, na pakiwa na wekundu usiofifia, lirekebishwe kabla mgonjwa hajaondoka nalo.

Kumpima mtu kwa maisha yake

Hapa ndipo fildi inapomtofautisha mtoa tiba kwa vitendo na wataalamu wengine. Chukua mfano wa mama wa makamo kutoka kijiji cha mlimani, kiharusi kimempata upande wa kulia. Kliniki ina vijiti vya kuchomeka kwenye ubao na koni za kupanga. Anavipanga, anachoka, anarudi kitandani, na kesho tena hivyo hivyo. Wiki mbili zikipita utakuwa na takwimu nzuri kuhusu koni, bila kujua kama anaweza kurudi kwake.

Mwombe akusimulie siku yake kabla hajaugua, tangu alipoamka. Atakutajia kuwasha moto, kukamua ng'ombe, kukata majani, kusonga, kwenda sokoni siku ya gulio, kumsuka mjukuu, kuimba kwaya. Kipimo cha COPM kimejengwa juu ya mazungumzo kama hayo: mtu anapima kwa alama 1 hadi 10 umuhimu wa kila shughuli inayompa shida, anachagua zisizozidi tano, halafu anajipa alama jinsi anavyoimudu kila moja na jinsi anavyoridhika nayo. Baada ya wiki kadhaa mnarudia. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa ndiye anayeamua kipi kitangulie. Wewe unaweza kudhani kuoga ndiyo kwanza, naye akakuambia kuoga binti yake anamsaidia, kinachomuuma ni kushindwa kukamua.

Vipimo vingine vilitungwa kwa nyumba za aina nyingine. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, kina vipengele 10, kimojawapo kupanda ngazi na kingine kutumia choo. Mgonjwa wako hana ngazi nyumbani, ana mteremko wa matope. Choo chake ni cha shimo, hakina pa kukalia. Jaza kipimo kama kinavyoelekeza, maana ukikibadilisha kienyeji alama zake hazilingani tena na za mtu mwingine yeyote. Lakini pembeni andika: "Choo cha wodini ni cha kukaa. Cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, hatua kama 30 kutoka mlangoni, hakuna pa kushika." Sentensi hiyo moja itaamua mpango wako wote.

Halafu jaribu shughuli yenyewe. Kwa kusonga, shida kubwa ya mwenye mkono mmoja ni sufuria inayozunguka. Fundi seremala anaweza kutengeneza fremu ya mbao inayoibana sufuria, na mama akae kwenye kigoda imara badala ya kusimama. Kama mkono wake dhaifu umepoteza hisia, jiko la mkaa ni hatari, kwa hiyo lifundishe jicho lake kufanya kazi ya ngozi: atazame mkono ulipo kabla ya kugeuka. Khanga isiyofungika kwa mkono mmoja inaweza kushonewa mkanda na kifungo. Kwa choo cha shimo, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kinawekwa juu ya tundu, na mti wa kushika unachimbiwa pembeni. Mwislamu aliyekuwa akisujudu atataka kujua atasali vipi. Mruhusu akwambie anavyotaka, muulize kama ameshazungumza na imamu wake, kisha msaidie kupata mkao salama wa kukaa na namna ya kutia udhu bila kuteleza. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji kifaa cha kuagiza nje.

Mpango uandike ili mtu mwingine aweze kuupima. "Kuboresha matumizi ya mkono" haumwambii mtu kitu. "Ndani ya wiki tatu atasonga ugali wa watu wawili akiwa amekaa, kwa kutumia fremu, bila kusaidiwa" unaeleweka hata na jirani yake.

Nenda nyumbani

Kama kuna ombi moja la kumsihi msimamizi wako, ni kupelekwa nyumbani kwa angalau mgonjwa mmoja kabla hajaruhusiwa, na tena baada ya kuruhusiwa. Gharama ipo na gari la hospitali halipatikani kila siku. Daladala zipo. Kwa mgonjwa anayeishi karibu, au kwa kwenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, inawezekana. Usiende peke yako, acha taarifa kituoni uko wapi, na ukifika toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa pale inapostahili.

Ukiwa huko, toa tepu. Pima upana wa mlango na upana wa kiti mwendo, pamoja na pete za magurudumu. Viti vingi vinavyotolewa msaada hukwama mlangoni kwa sentimita chache tu. Pima kizingiti na kimo cha kitanda. Tembea mwenyewe kutoka kitandani hadi chooni na hadi kwenye bomba, ukifikiria mvua za masika. Uliza nani anabaki nyumbani mchana. Ukikaribishwa uji, kunywa. Mengi ambayo hukuambiwa wodini utaambiwa ukiwa na kikombe mkononi. Pengine utagundua kwamba chumba cha mgonjwa kimeshapewa mtu mwingine, au kwamba ng'ombe aliyetaka kumkamua ameuzwa kulipia matibabu. Mpango unabadilika hapo hapo, na huo ndio ujuzi ulioufuata fildi.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, nyumbani ndiyo kliniki kuu. Mama ambaye tayari anachota maji, anapika na kumbeba mtoto mgongoni siku nzima hatafanya mazoezi kumi na mawili uliyomchorea. Chagua mawili, uyaingize ndani ya shughuli alizonazo: namna ya kumshika akimwogesha, namna ya kumweka wima akimlisha. Mtoto anayelishwa akiwa amelala chali au kichwa kimeangukia nyuma yumo hatarini kupaliwa, na chakula kinaweza kuingia mapafuni. Kiti cha kumkalisha kinaweza kutengenezwa kwa tabaka za maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kikakaushwa juani na kupakwa rangi. Ufundi huo ulikuzwa Zimbabwe na umefika nchi nyingi za Afrika. Jifunze kuutengeneza kwa mikono yako. Utamhudumia nao mtoto ambaye orodha ya kusubiri viti vya viwandani isingemfikia. Kitabu cha David Werner, Disabled Village Children, cha mwaka 1987, bado ni mwalimu mzuri wa kazi hizi kwa sababu ya michoro yake.

Afya ya akili huwachanganya wanafunzi, kwani juu juu inaonekana hakuna kinachofanyika: watu wanalima bustani, wanafuma, wanapika. Tazama kwa makini. Nani anasahau hatua, nani anashindwa kuanza bila kuambiwa, nani anakasirika kazi ikiharibika, nani leo amekaa dakika 20 wakati juzi alikaa tano? Hayo ndiyo maendeleo, na ndiyo ya kuandika kwenye faili. Uliza pia nyumbani kuna kazi gani inayomsubiri, maana kumfundisha kufuma mvuvi wa Ziwa Victoria kuna mipaka yake.

Wewe na msimamizi

Omba saa moja kila wiki ya kukaa naye, hata kama ni saa ya mchana mkinywa chai. Njoo na maswali yaliyoandikwa. Katikati ya kipindi omba tathmini rasmi, kwa sababu mwanafunzi anayesikia udhaifu wake siku ya mwisho hana tena muda wa kuurekebisha. Neno "sijui, nitamuuliza msimamizi" linampa mgonjwa usalama, na wasimamizi wengi humwamini zaidi anayelisema.

Yapo mambo usiyopaswa kuyavumilia. Msimamizi au mtu mwingine yeyote mwenye mamlaka anayetaka ngono ili akusainie saa au akupe alama anatenda kosa la jinai: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinakataza rushwa ya ngono. Hifadhi ujumbe aliokuandikia, mwambie mratibu wa chuo au mtu mzima unayemwamini, na piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Ukichomwa na sindano, au damu ikikurukia jichoni, osha mara moja, toa taarifa, na uombe dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Zinaanzwa mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 72, na kumezwa siku 28. Aibu isikucheleweshe.

Picha za wagonjwa ni jambo lingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa kwa ukali zaidi. Picha ya kidonda kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata bila jina, inamtambulisha mtu kwa kovu lake, kitanda chake na khanga yake. Omba idhini ya maandishi, eleza picha itatumika wapi, na ukishamaliza kuitumia ifute.

Kwa wazazi na ndugu

Mtoto au ndugu yako akihudumiwa na mwanafunzi, una haki ya kumuuliza msimamizi wake ni nani, na kuomba awepo. Una haki ya kukataa bila kupoteza huduma. Lakini ukikubali, utafaidika na kitu ambacho mtaalamu mwenye foleni ya watu 40 hana, nacho ni muda. Mweleze nyumbani kukoje, mwambie zoezi gani halikuwezekana na kwa nini. Mama anayesema wazi "hilo siwezi, nina watoto wengine wanne" anamfundisha mwanafunzi huyo somo litakalowafaa akina mama wengi baada yake.

Wiki ya mwisho

Waage wagonjwa wako mapema, angalau wiki moja kabla, hasa watoto na wa afya ya akili, wasije wakaamka wakaambiwa umeondoka. Andika maelezo ya makabidhiano kwa kila mmoja: alipofika, kinachofuata, vifaa alivyopewa, simu ya ndugu anayemtunza iliyo kwenye faili. Rudisha gonyomita na mabanzi uliyoazima.

Kisha kaa na msimamizi mjumlishe saa. Daftari la kumbukumbu lisainiwe na kupigwa mhuri ukiwa bado kituoni, likionyesha tarehe, idadi ya saa, aina ya wagonjwa na jina la aliyekusimamia pamoja na sifa zake za kitaaluma. Piga nakala, moja ibaki chuoni, nyingine uihifadhi mwenyewe kwenye karatasi na kwenye barua pepe yako. Ukitaka kusajiliwa nchi nyingine au kuendelea na masomo miaka mingi ijayo, kuna uwezekano mkubwa ukatakiwa kuthibitisha saa zako 1,000, na msimamizi wako huenda wakati huo atakuwa amehama au amestaafu.